Programu ya simu ilinifanya bingwa wa programu ya simu

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 71, naishi Moshi. Mwaka jana daktari alinitajia maneno matano niyashike, kisha akaniambia nichore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Saa niliipatia, mshale mfupi kwenye 11 kama tunavyosoma saa sisi. Maneno yalirudi mawili. Akasema huu si ugonjwa wa kusahau, ila kusahau kwangu kumezidi umri kidogo, nirudi baada ya miezi sita.

Mwanangu akaniwekea programu ya mazoezi ya ubongo, ya kulipia kila mwezi. Ndege wanapita kwenye kioo, unamgusa aliye tofauti kabla hajapotea. Nilicheza kila asubuhi baada ya chai na alama zikapanda hadi mjukuu akanuna. Siku niliyovunja rekodi nilitumwa mbegu na mbolea, nikarudi na mbolea. Maelekezo yote ni Kiingereza, na tulipojitoa, makato yaliendelea mwezi mzima.

Nisingeshangaa kama ningejua mapema. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani, wa mazoezi ya akili, uliotolewa 2002 na kuhusisha wazee 2,832, ulionyesha kwamba aliyefundishwa kasi ya kutambua vitu anaongeza kasi hiyo, aliyefundishwa kukumbuka anakumbuka. Faida haihami sana kwenda kwenye mambo mengine. Na mwaka 2016 kampuni ya Lumosity, programu nyingine ya mazoezi ya ubongo (si ile yangu), ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza kesi ya matangazo yaliyotia chumvi.

Kilichonisaidia ni kikundi cha wazee wanane, Jumanne na Ijumaa, chini ya muuguzi mstaafu. Alitufundisha kutembea nyumbani kwa mawazo na kuacha njiani vitu tunavyotaka kukumbuka. Sukari imemwagika getini. Sabuni inateleza barazani, nusura nianguke. Betri za redio zimekaa kwenye kiti cha marehemu mke wangu, na hapo sijawahi kuzisahau. Sasa nikifika dukani nasimama, naingia getini kwangu, naanza kuokota. Muuza duka ameshazoea.

Majina ya watu bado yananipiga chenga; hapo sijaona nafuu, na kwenye vipimo vya pili maneno yalirudi matatu, si matano. Kikundi kinachangisha elfu mbili kwa kipindi, chai na maandazi ndani yake. Ila paa ni bati tupu: mvua ikianza, somo limekwisha, tunabaki kunywa chai.