Tiketi ya SGR uliyoshindwa kuitumia: udai reli au bima?

Mtoto ameamka na homa kali, na treni ya Mombasa itaondoka Syokimau bila nyinyi. Nauli ifuatwe wapi?

Kwa wepesi, reli inashinda, mradi ughairi kabla treni haijaondoka. Bima hutaka karatasi: cheti cha daktari chenye tarehe, tiketi, risiti ya malipo, na mara nyingi uthibitisho kwamba reli haikukurudishia kitu. Kwa hiyo kukimbilia bima kwanza naona ni kosa. Utarudishwa kulekule kituoni.

Kwenye pesa ndipo penye hesabu. Kwa nauli zilizoanza Januari 2024, daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500. Bima nyingi za safari zina kiasi unachobeba mwenyewe kabla hazijalipa chochote, nacho chaweza kuimeza tiketi moja yote. Lakini watu wazima watano wa daraja la kwanza ni 22,500, na kama hoteli ya Diani mmeshailipia, reli haihusiki na hoteli. Hapo bima ina nguvu.

Kuhusu sababu: bima ya kawaida hulipa ugonjwa au msiba ulioandikwa kwenye mkataba, haimlipi aliyebadili nia.

Anayesafiri peke yake na begi moja ashughulike na reli. Mwenye familia na malipo ya hoteli aanzie relini, achukue uthibitisho, kisha afungue dai la bima siku hiyohiyo.