Lobelia nyekundu niliyoagiza mtandaoni: ua nyota 5, kitalu nyota 3

Nyumba yetu hapa Maryland, Marekani, ina kona moja nyuma, pale maji ya gata yanapomwagikia, yaani hapakauki, nimepanda lavenda ikaoza, rozmari ikaoza, nikaona bora nitafute mmea unaopenda hayo maji kuliko kugombana nayo kila mwaka. Ndo nikaagiza miche mitatu ya Lobelia cardinalis, dola 9 kila mmoja. Jina la kitalu naliacha maana malalamiko yapo.

Mzigo ulifika siku ya tano, umefungwa vizuri, udongo bado mbichi, mizizi imejaa kopo, hapo sina neno. Shida kile kikaratasi cha maelekezo, eti wakati wa baridi funika mmea kwa matandazo mazito. Mi nikatii, nikarundikia majani makavu mche wa kwanza mpaka ukapotea, bahati nzuri majani yakaniishia kabla ya mingine. Aprili nafukua nakuta uji mweusi. Kumbe shina likishakauka, chini kabisa unabaki na vichipukizi vya kijani vimelala chapa juu ya udongo, na hivyo ndo vinavyobeba mwaka unaofuata, vinataka mwanga hata kwenye baridi, ukivifunika vinaoza. Nikawaandikia, hela ya mche mmoja wakarudisha fasta, ila juzi nimechungulia tovuti yao, maelezo ni yaleyale!

Sasa ile miwili iliyobaki, jamani. Mwisho wa Julai ikaanza kufungua kutokea chini kwenda juu, imenifika kifuani, na ule wekundu sijui niufananishe na nini, wenyewe waliupa jina la makardinali kwa yale majoho yao. Imechanua hadi Septemba. Na kolibri anakuja! Kandege kadogo kanaelea hewani kama helikopta, kanachomeka mdomo kwenye mrija wa ua, mrija mrefu ambao nyuki wengi hawafikii utamu wake. Mi mtu wa Moshi, nikikaona nakumbuka yule ndege chozi kwenye Lobelia deckenii kule juu Kilimanjaro, maana ni ndugu kabisa hizi, sema ile ya kwetu ni jitu.

Kama kwako pakavu usijisumbue. Agosti mvua ilikata siku nne tu, mimea ikalegea, ikabidi nimwagilie kila jioni. Halafu mche wenyewe hauishi miaka mingi, inabidi uuache umwage mbegu, mbegu zenyewe kama vumbi, usizifukie, zinaota juu juu kwenye udongo wenye maji. Na wenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni angalieni, mmea una sumu.

Mwakani naagiza mitatu tena, kitalu kilekile. Kikaratasi ntakitupa na boksi lake.