Ibada ya asubuhi na huduma ya mchungaji hospitalini kwetu: nyota nne

Hospitali hupimwa kwa foleni, maabara na bei ya dawa. Nataka kuipima yetu kwa huduma ambayo mgonjwa haioni, ile ya kiroho wanayopewa wafanyakazi. Mimi ni muuguzi mkunga, Muislamu, mzaliwa wa Pangani, na nimeajiriwa na hospitali ya misheni huku Nyanda za Juu Kusini. Ni mali ya kanisa, tena ni hospitali teule ya wilaya, yaani serikali imeiteua itumike kama hospitali ya wilaya, kwa hiyo wenzetu wengine mshahara wao unatoka serikalini na wengine, kama mimi, tunalipwa na kanisa.

Ibada ipo kila siku ya kazi saa moja na nusu asubuhi: wimbo, neno fupi, sala, matangazo, kisha kila mtu anakwenda idarani kwake. Sisi Waislamu hatulazimishwi kuimba. Neno likiwa la subira au la amana nalisikiliza kwa moyo wote. Kwa swala zetu tumepewa chumba jirani na wanapofulia mashuka, kina mkeka na birika la kutawadhia. Ramadhani, magharibi ikiingia, wenzangu Wakristo hunishikia wodi nikafuturu. Hilo halijaandikwa popote, lakini nikiulizwa kwa nini sijaondoka, ndilo ninaloanza nalo.

Nyota zenyewe nampa mchungaji wa hospitali. Usiku mmoja tulimpoteza mama. Alitokwa na damu baada ya kujifungua. Tukampa oksitosini, dawa ya kubana kizazi, tukakikanda kizazi, mtu akakimbia maabara kufuata damu, na chupa ya pili ilikuwa haijaisha alipotutoka. Mtoto alibaki hai. Asubuhi nilikuwa na ripoti ya kukabidhi, fomu za kujaza, na ndugu wanalia kibarazani. Kifo cha uzazi lazima kijadiliwe na kamati, tena mapema, na ni haki kabisa: daktari aliitwa saa ngapi, dawa ilitolewa saa ngapi. Maswali hayo huokoa mama mwingine. Ila anayeyajibu bado mikono inamtetemeka.

Mchungaji alinikuta chumba cha kubadilishia nguo.

“Shikamoo, mchungaji.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

Sikuwa nimekula. Akatoka, akarudi na chai ya rangi na andazi, akaketi juu ya boksi la dripu. Biblia hakuifungua. Akasema, “Hebu nieleze, alikuwa mtu wa namna gani?” Nikamweleza kwamba alikuwa mcheshi, kwamba hata uchungu ulipokolea alikuwa akitutania, na kwamba jina la mtoto alishalichagua. Hakuna mwingine aliyeniuliza hilo. Kamati ilipokaa, alikuja akaketi kando yangu bila kusema neno. Akamwomba pia matroni anipumzishe zamu za usiku kwa muda, na matroni akakubali.

Wapo wanaodhani muuguzi wa misheni hang'oki kwa sababu ya dini. Ajira za serikali zikitangazwa, hata waimba kwaya wanaomba, na siwalaumu, wana watoto wa kusomesha. Kiapo cha Nightingale, kile cha wauguzi kilichotungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, kinaanza kwa kuahidi mbele za Mungu, nami kila Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, moyo wangu hukirudia. Lakini kiapo ni changu mimi na Mola wangu. Mwajiri naye anao wajibu wake. Mchungaji ameutimiza kwa chai na andazi kuliko mahubiri yote niliyoyasikia pale.

Nyota ya tano nimeizuia. Kuna daftari la mahudhurio ya ibada, na mwenzangu mmoja lilimponza kwenye tathmini yake ya kazi. Imani ya mtu haipimwi kwa saini. Posho za zamu za usiku zilipochelewa, neno la asubuhi likawa ni thawabu za mbinguni. Nilisikia uchungu, maana thawabu naziamini na sipendi zitumike kuahirisha haki ya mtu. Kisha kuna suala la saa. Ibada inapoanza, wa zamu ya usiku bado wanakabidhi wodi, na hao ndio walioona kifo. Mchungaji yuko mmoja tu, na usiku anakuwa kwake.

Muuguzi mwenye nafasi ya kuja kufanya kazi hapa, namwambia aje, na wiki ya kwanza akabishe hodi kwa mchungaji, mlango unaotazamana na famasi. Uongozi nimewaomba watu wawili zaidi waliofundishwa kusikiliza, awe sista, awe ustadhi, wapokezane kupita wodini usiku, na lile daftari liondolewe. Barua nimeitia kwenye sanduku la maoni, na jina langu nimeliandika.