Nilinunua betri mpya, kumbe tatizo lilikuwa kwenye chaja: uzoefu wangu

Kompyuta mpakato yangu niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, na huu ni mwaka wa tatu niko nayo. Nafundisha sekondari huku Kibaha, kwa hiyo mitihani, alama za wanafunzi na maandalio ya masomo yote yamo humo. Mwezi wa pili ikaanza vituko. Naichomeka usiku, taa inawaka vizuri, asubuhi naikuta na asilimia 34 zile zile nilizoiacha nazo. Ukipeleka kishale kwenye alama ya betri pale chini kulia unaambiwa imechomekwa lakini haichaji. Baada ya siku chache hata hizo 34 zikaisha. Umeme ukikatika tu, kioo kinazima na kazi ambayo sijaihifadhi inapotea.

Nilijaribu yale ninayoyajua. Nilibadilisha soketi, nikaachana na ekstensheni na kuchomeka ukutani moja kwa moja. Nilizima kompyuta, nikachomoa chaja na betri (yangu inatoka kwa kusukuma vifungo viwili kwa chini), nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, nikarudisha kila kitu. Hakuna kilichobadilika. Nilikagua pia ule mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, ambao kompyuta nyingi siku hizi zinao kwa ajili ya kutunza betri. Kwangu ulikuwa umezimwa, na hata ungekuwa umewashwa usingeifanya igome kwenye 34.

Basi nikaenda mjini kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta. Kijana wa pale alisikiliza maelezo yangu kwa nusu dakika, akasema, "Mama, hiyo betri imekufa, weka mpya." Hakuiwasha mashine wala hakuomba kuona chaja. Nami nilikuwa na mitihani ya kati ya muhula ya kuchapa, nikatoa 95,000. Betri ilikuja na chaji nusu, nikafanya kazi siku ile nikiwa na furaha. Ilipoisha, nikachomeka. Imechomekwa, haichaji. Niliporudi dukani wakaniambia betri ni nzima na bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Hilo liliniuma, nalisema wazi, kwa sababu 95,000 kwangu si pesa ya kutupa.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja wa Maili Moja, ana kibanda kidogo nyuma ya duka la vifaa vya shule. Huduma ninayoisifia hapa ni yake. Nilimwekea kompyuta mezani na kuanza kumweleza habari za betri, akanikatisha kwa upole: "Mwalimu, betri tutafika. Nipe chaja kwanza."

Akaigeuza ncha ya chaja kwenye mwanga wa taa na kuniita nisogee nione. Mimi siku zote nilidhani ni kitundu tu. Kumbe kuna duara la nje, duara la ndani, na katikati kabisa pini nyembamba kama sindano ya kushonea. Akaweka mita kwenye yale maduara mawili, ikasoma volti 19.5, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye lebo. "Umeme upo," akasema, "lakini hii pini haipeleki umeme, inapeleka taarifa." Ndani ya chaja za aina hii kuna chipu ndogo inayoitambulisha chaja kwa kompyuta: mimi ni ya wati 65. Taarifa hiyo isipofika, kompyuta inapokea umeme wa kujiendesha lakini inakataa kuchaji betri, kwa sababu haijui chaja itamudu mzigo kiasi gani. Tena inapunguza kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili isiielemee chaja.

Hapo mambo mawili yakanijia. Tangu mwezi huo wa pili kompyuta ilikuwa imekuwa nzito ajabu, nami nikawa nafuta mafaili nikidhani imejaa. Na kila nikiiwasha palikuwa na maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ambayo nilikuwa nabonyeza kitufe chochote yaondoke niendelee na kazi. Fundi akaizima, akaiwasha, akaniambia nisiguse kitu, nisome. Yalikuwa yanasema aina ya chaja haikuweza kutambuliwa. Zaidi ya mwezi mzima mashine ilikuwa inanieleza ugonjwa wake kila asubuhi.

Akachomoa chaja yangu na kuchomeka ya kwake ya wati 65. Taa ya betri ikabadilika rangi, na tukiwa tunatazama wote wawili, asilimia 3 ikawa 4, ikawa 5. Nilishusha pumzi. Kisha akarudisha ya kwangu na kuukunja waya taratibu pale shingoni karibu na ncha: ikachaji kwa sekunde moja, ikaacha. Waya mwembamba wa ile pini ulikuwa umekatika ndani, mahali hasa ninapouzungushia kila ninapofunga mkoba.

Alisema anaweza kuuunga kwa 10,000, ila hawezi kuniahidi utadumu. Nilichagua chaja mpya kwake, 60,000, na hakunipokea pesa mpaka imechaji mbele yangu na yale maandishi meupe hayakutokea tena. Ziko za 25,000 pia, akanionyesha moja: volti ni zile zile, ncha inaingia vizuri, lakini haina chipu, kwa hiyo ningerudi pale pale nilipoanzia. Ukinunua chaja ya namna hii usiridhike na kuona taa imewaka. Beba kompyuta yako dukani, subiri uone asilimia inapanda.

Nyumbani nikairudisha betri ya zamani nipate kujua ukweli wake. Fundi alikuwa ameshailaza juu ya kioo cha kaunta na kuibonyeza pembe zote, haikuyumba, maana yake haijavimba. (Iliyovimba usiichaji wala kuitoboa, inaweza kushika moto.) Kwenye Windows ukifungua ile sehemu nyeusi ya amri (Command Prompt) ukaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti ya betri na kukuonyesha imehifadhiwa wapi. Angalia mistari miwili tu: uwezo iliotoka nao kiwandani, na uwezo inaojaa nao leo. Ya zamani ilitengenezwa na mWh 42,000 (mWh ni kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) na sasa inajaa 31,080, yaani asilimia 74. Hiyo iliyoitwa imekufa! Ile mpya niliyoilipia shilingi 95,000 inajaa mWh 38,640, asilimia 92. Ningeitafuta ripoti hii mapema, nisingeigusa pochi yangu siku ile mjini.

Chaja hii mpya ina miezi minne sasa. Kompyuta ikiwa imezimwa inatoka 20 hadi 80 kwa kama saa moja, na ule uzito umekwisha. Kasoro yake ni waya mfupi na mgumu, haufiki mezani kwangu bila ekstensheni, na kile kiboksi kinapata joto, kwa hiyo sikiweki juu ya godoro wala mto. Waya siuzungushi tena kwenye kiboksi, naukunja mduara mpana na kuufunga kwa kamba ya kitambaa. Betri zote mbili nazitumia kwa zamu. Wiki iliyopita umeme ulikatika saa mbili usiku nikiwa naandaa mtihani wa kidato cha pili, nikaendelea kuchapa hadi saa nne na robo, betri ile ya zamani ikiwa bado na asilimia 21.