Fila ya kopo au kamba ya katani? Uzoefu wangu na sakafu ya mvule ya bibi

Naandika hii kwa sababu mwaka jana nilihangaika kutafuta mtu aliyewahi kuziba mapengo kwenye sakafu ya mbao ya zamani nikakosa, kila mtu anaongelea taizi tu, nikaishia kujifunza kwa hela yangu mwenyewe. Kwahiyo kama una nyumba ya kizamani ya ghorofa, chini duka juu makazi, na mbao za juu zimeanza kuachana, soma kwanza kabla hujaenda dukani.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu bibi yangu mzaa mama, iko Tanga mjini. Sakafu ya juu ni mvule mtupu, mbao zimepigiliwa moja kwa moja kwenye boriti na chini yake hakuna kitu kingine, hamna silingi hamna nini. Yaani ukilala kifudifudi ukachungulia kwenye pengo unamuona fundi cherehani aliyepanga chini anashona, na yeye akiinua macho basi... tuseme tu humo ndani nilikuwa navaa suruali. Mapengo mengi sarafu ya mia mbili inasimama wima bila kuishika, na mawili pale karibu na mlango kidole kidogo kinaingia. Ukiachana na mapengo kulikuwa na matundu ya misumari kibao, tundu moja kubwa lilipopita bomba la maji la enzi hizo, na kona ya dirishani ambapo mvua imekuwa ikiingia mpaka mbao imeoza ukibonyeza na bisibisi inazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha.

Nilianza mwezi wa kwanza, kaskazi imekolea, joto lile la Tanga, sakafu imekauka inalia kwe kwe kila ukipiga hatua. Siku mbili nzima nilikuwa nakwangua uchafu kwenye mapengo kwa bisibisi niliyoikunja ncha. Pale pengo linapopita juu ya boriti uchafu unakaa, sehemu nyingine unadondoka chini, kwahiyo juu ya boriti ndo kuna hazina: sindano za bibi, vifungo, njiti za kiberiti, na senti hamsini ya 1966, ile ya sungura, imeganda wima kama imepandwa. Nimeihifadhi.

Sasa fila. Nilinunua makopo manne ya fila ya mbao, yaani ule uji mzito wa kuzibia matundu unaokauka ukawa mgumu, ile ya maji, rangi imeandikwa ni ya mbao nyekundu nyekundu. Chapa sitaitaja maana nadhani tatizo halikuwa chapa, tatizo nilikuwa mimi na mahali nilipoipaka. Siku ya kwanza nachota napaka kwa kisu cha puti, inaingia vizuri, nafurahi, mbona kazi rahisi, kumbe inapitiliza. Nikasikia sauti kutoka chini, ya upole kabisa, "Dada, hebu shuka kidogo." Nashuka nakuta kanzu nyeupe ya mteja, ya harusi, ina tone la fila begani kama ndege kapita. Nililipia kitambaa. Baada ya hapo nikawa natanguliza magazeti yaliyosokotwa ndo napaka juu yake, na fundi akasogeza cherehani ukutani akafunika na turubai.

Nikiri ilipokauka, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mikono miwili, ilipendeza balaa. Nikapiga picha nikaweka status, shangazi zangu wote wakapiga simu.

Masika ikaingia. Kuanzia mwezi wa tatu mwishoni nikawa nasikia usiku ta! kimya, halafu ta! nikadhani panya. Asubuhi napita peku nahisi sakafu ina matuta. Mbao zimevuta unyevu zimevimba kwa upana, na ile fila haibanwi, ni ngumu kama chaki, sa ikawa inapasuka na kusukumwa juu. Nilidhani basi imeisha, lakini mvua zilipokata mbao zikarudi kunywea na hapo ndo kila kitu kikaachia, fila inatoka vipande virefu kama ganda la kidonda, mtoto wa dada yangu akaufanya mchezo, anakaa chini anabandua. Kilichobaki kikawa kinanyunyiza unga chini kwa fundi. Huyo jamaa ana subira ambayo mimi sina.

Wakati huo kila mtu ananipa dawa ileile, "changanya gundi nyeupe ya seremala na unga wa mbao." Nimefanya, chumba kimoja. Kwanza unga nilioupata kwa seremala ulikuwa mchanganyiko, mninga na paini na sijui nini, rangi ikatoka kama uji wa ulezi. Pili, na hili hakuna aliyeniambia, gundi ikipaka pembeni ya pengo inaziba vinyweleo vya mbao, ukija kupaka vanishi pale haipenyi, unabaki na mstari uliopauka kila upande wa pengo. Yaani pengo moja limekuwa mistari mitatu. Na ilipasuka vilevile. Kama lazima uchanganye, unga utoke kwenye mbao hiyohiyo unayoziba, piga msasa sehemu iliyojificha kama chini ya kabati ukusanye, na usipake nje ya pengo hata kidogo.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja pale Deep Sea, nilienda kununua samaki nikamkuta anakalafati mashua, yaani anaziba mishono ya mbao zake. Nimekua naona watu wanakalafati lakini sikuwahi kuangalia kwa akili ya mtu mwenye sakafu mbovu. Anasokota pamba mkononi, imelowa mafuta, anailaza kwenye mshono wa mbao halafu anaigonga na chuma butu, ndogo ndogo, tak tak tak, anarudia tena. Nikamuuliza, shikamoo mzee, kwanini usiweke puti tu? Akacheka. "Marahaba mwanangu. Chombo kinakaa juani kinakauka, kesho kiko majini kinavimba. Ukiweka kitu kigumu mbao itakitema. Weka kitu kinachobanika." Nikamuelezea sakafu ya bibi akasema hicho nacho ni chombo, tofauti ni kwamba chako hakiendi popote.

Na mimi nipo Tanga jamani! Mji umejengwa na katani, tangu Mjerumani Hindorf alipoleta miche mwaka 1893, halafu nazunguka madukani natafuta makopo. Nikaenda Ngamiani nikanunua kamba ya katani, ya unene tofauti tofauti, ile ya kawaida ya kufungia mizigo. Angalia isiwe ya nailoni, siku hizi ndo zimejaa na nyingine zinafanana kwa mbali, ya nailoni inateleza na vanishi haishiki. Ukitilia shaka choma ncha, nailoni inayeyuka, katani inaungua kama nyasi.

Nilivyofanya ni hivi. Kamba iwe nene kidogo kuliko pengo, ikiingia kwa kidole ujue ni nyembamba. Rangi yake ni nyeupe ya kimanjano, kwenye mvule iliyokolea inaonekana kama uzi kwenye meno, kwahiyo lazima uitie rangi kwanza. Nilijaribu kuichemsha kwenye majani ya chai kwa kubana matumizi, ikatoka rangi ya chai ya maziwa, haikutosha. Nikanunua rangi ya mbao nikaizimua na thina, nikaloweka, nikaianika kwenye kamba ya nguo siku mbili mpaka ikakauka kabisa. Ikauke kweli, usiweke kitu chenye unyevu kati ya mbao. Halafu nikailaza juu ya pengo, nikachukua patasi ya zamani niliyoisaga ikawa butu makusudi, na nyundo ndogo, tak tak tak kama mzee, mpaka kamba ikashuka milimita mbili tatu chini ya uso wa sakafu. Usiiache ikalingana na mbao, itachanika ukifagia na nyuzi zitaanza kusimama kama ndevu. Kwenye yale mapengo mawili ya mlangoni kamba moja haikutosha, niliweka ya kwanza nene kama kitako kisha nyingine juu yake.

Kona zinatesa. Na mgongo, tusidanganyane, chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili kilinichukua wikiendi mbili na magoti yakavimba. Kamata mto au kipande cha godoro uweke chini ya magoti kuanzia dakika ya kwanza, usijifanye shujaa.

Sasa nisiiseme vibaya fila bure, maana kuna sehemu imefanya kazi vizuri na bado ipo mpaka leo. Tundu lililo katikati ya ubao, mfano la msumari, halifunguki na kufunga kama pengo la kati ya mbao mbili. Hapo fila inakaa. Misumari iliyochomoza nilikuwa naizamisha kwanza kwa kuigonga na msumari mwingine mnene niliousaga ncha, kisha naziba. Ijaze izidi kidogo maana ile ya maji inanywea ikikauka, na kama tundu ni refu jaza awamu mbili, usijaze mara moja, itapasuka katikati.

Tundu la bomba usilijaze fila, ni kupoteza. Pale nilimwita seremala, akalichonga likawa la mraba, akachukua kipande cha mvule ya zamani kutoka kwenye rafu iliyovunjika ya bibi akakata kiraka. Nilichopenda ni alivyokigeuzageuza kabla ya kugundisha mpaka nyuzi za kiraka zikaelekea sawa na nyuzi za ubao, sasa hivi mgeni lazima umuoneshe ndo akione. Katikati ya kazi patasi yake iligonga kitu ikatoa cheche, ikapata pengo kwenye makali, akalaani kidogo. Mvule ina mawe ndani, ni chokaa inayojijenga kwenye mti ukiwa hai, kwahiyo ukiazima vifaa vya mtu muambie mapema. Na vumbi lake likikupata puani utajuta, mimi siku ya msasa nilipiga chafya mpaka jioni, macho mekundu kama nimetoka msibani. Vaa barakoa nzuri, siyo leso.

Kona iliyooza nilichimba mpaka nikafika kwenye mbao ngumu, nikaacha ikauke wiki, nikatumia gundi ya tyubu mbili za kuchanganya pamoja na unga wa mvule. Hiyo ni kiboko, ni ngumu kama jiwe, ila changanya kidogo kidogo. Mimi nilichanganya nusu kopo kwa tamaa, likapata moto mkononi likaganda kabla sijamaliza robo ya kazi. Rangi pia imetoka nyeusi zaidi ya mbao, nimeweka chungu cha maua juu yake yakaisha. Na kabla ya yote rekebisha dirisha, la sivyo unaziba huku maji yanaingia.

Gharama: makopo ya fila, gundi na msasa niliotumia kwenye jaribio la kwanza na la pili vilinila kama laki na nusu, bila kanzu. Kamba na rangi yake kwa nyumba nzima haikufika elfu arobaini. Fila naipa nyota mbili kwa mapengo na nne kwa matundu. Kamba naipa nne, siipi tano kwa sababu vumbi linakaa kwenye ule mfereji juu yake na kufagia tu hakulitoi, lazima upitishe brashi. Pia ukimwaga maji inanywa, usipige deki ya ndoo, futa na kitambaa kilichokamuliwa. Halafu mapengo membamba ambayo hata kadi ya simu haipiti yaache kama yalivyo, masika yanajifunga yenyewe.

Kamba nimeweka mwezi wa tisa, ikapita vuli, ikapita kaskazi, na masika ya mwaka huu imeisha juzi juzi. Usiku sikusikia ta hata moja. Kamba imebanwa ikapanda kidogo kwenye mbao tatu za upande wa dirishani, nikaigonga tena dakika tano ikashuka. Fundi wa chini amerudisha cherehani katikati ya chumba, ila turubai kasema ataliacha kwanza mpaka mwaka uishe.