Jiko la presha la umeme: uzoefu wangu wa miezi kumi hapa Wete

Jiko hili la lita 6, lenye nguvu ya wati 1,000, nililinunua Chake Chake kwa shilingi 180,000, na tangu hapo nimelitumia karibu siku nne kwa wiki katika nyumba yetu ya watu saba. Zamani maharage, kunde na pweza nilivipika kwa seredani, na polo moja la makaa, ambalo mimi hulipata kwa shilingi 30,000, lilikuwa halivuki wiki tatu. Sasa polo kama hilo hunifikisha miezi miwili.

Kwa kuwa mita yetu ni ya Tukuza, yaani ya kununua umeme kabla ya kuutumia, nilisoma uniti kabla na baada ya kupika, nikiwa nimelizima friji ili hesabu isichanganyike. Nusu kilo ya maharage yaliyorowekwa usiku kucha ilikula uniti 0.4 tu. Moto huwaka kwa nguvu mpaka presha ipande, kisha hujizima na kujiwasha kidogo kidogo, na chakula huiva upesi kwa sababu mvuke uliobanwa huyafikisha maji kwenye joto linalopita nyuzi 110, ilhali kwenye sufuria ya kawaida hayapiti 100. Kwa mwezi natumia uniti 7 hivi, ambazo thamani yake haifikii hata robo ya polo. Kwa hesabu yangu, jiko lilikwisha kujilipa katika mwezi wa nane.

Mama mkwe wangu hakuwa na imani na chungu asichoweza kukifunua na kukoroga. Alikubali siku ya boko boko, pale ngano na nyama, ambazo kwa kuni hukaa motoni saa nyingi, zilipolainika kwa saa moja, ikabaki kazi ya mwiko.

Tui la nazi linataka uangalifu. Mara ya kwanza nilitia tui zito tangu mwanzo, likakatika, chini pakashika, na jiko likajizima lenyewe. Siku hizi nachemsha kwa maji, naiacha presha ishuke, nafunua, ndipo natia kasimile, yaani hilo tui zito, na kuliacha litokote kidogo bila ya kifuniko.

Lawama yangu kubwa ni juu ya mpira wa kifuniko. Mwezi wa tano ulilegea, mvuke ukawa unavuja pembeni, presha haipandi na uniti zinakwenda bure. Duka lililoniuzia halikuwa na mpira wa akiba wala halikutaka kuniagizia, ingawa muda wa dhamana ulikuwa haujaisha, na jambo hilo liliniudhi sana. Nilisubiri wiki tatu mpaka jamaa yangu akaniletea kutoka Unguja. Anayetaka kununua na aulize kwanza kama mpira unapatikana, na akiweza anunue miwili siku hiyo hiyo. Huu wa sasa nauvua kila nikimaliza kupika, nauosha mafuta yote na kuuanika kivulini, na bado umekaza. Maji ya kisima chetu nayo yana chokaa, hivyo kila wiki naroweka kidude cha kutolea mvuke katika maji ya ndimu, maana ukoko mweupe ukiziba tundu, jiko huwa la hatari.

Waya pia una mambo yake. Jiko huvuta zaidi ya ampea 4, na ekstensheni nyembamba niliyoanza nayo ilipata moto hadi ikatoa harufu, kwa hiyo sasa nalichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Umeme wetu wa Pemba, ambao tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, hukatika mara moja moja. Ukikatika baada ya presha kupanda, sifunui. Joto lililofungiwa ndani huendelea kupika, na chooko zimewahi kuiva hivyo hivyo gizani. Seredani sijaitupa, kwani samaki wa kuchoma na mkate wa kumimina bado ni kazi yake.