Kayaki nzuri, karatasi mbaya: huduma ya kukodisha kayaki upande wa Nguba, Bukavu

Kuhusu vyombo vyenyewe, mkodishaji huyu wa Nguba hana lawama kubwa: kayaki ni safi, makasia ni imara, na kijana anayepokea wateja huwaeleza kwa subira namna ya kupanda bila kupinduka. Bei inavumilika. Linalostahili kusemwa kwa urefu ni karatasi ambayo kila mteja hutia sahihi kabla ya kuingia majini.

Ni ukurasa mmoja wa Kifaransa, wenye herufi ndogo, ilhali pale ufukweni maelezo yote hutolewa kwa Kiswahili. Ndani yake mteja anakubali kutodai chochote kwa ajali yoyote, hata ikisababishwa na vifaa vibovu, na maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyapinga. Ziwa Kivu lina kina kinachozidi mita 400, na upepo ukibadilika mawimbi huinuka haraka. Hatari hizo ni za ziwa, na mtu mzima aliyeelezwa vizuri anaweza kuzikubali. Jaketi la kuokolea lililokatika bizimu, kama lile nililopewa, ambalo upande mmoja lilifungwa kwa kamba ya nailoni, si hatari ya ziwa, bali ni wajibu wa mwenye huduma. Nilipoomba jingine, nililetewa bila ubishi.

Sheria ya madeni na mikataba ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika ibara ya 258 kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie, na ibara ya 259 inaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Ni kweli kwamba kwa ibara ya 33 mkataba halali ni sheria kwa waliouafiki, kwa hiyo karatasi hiyo isisainiwe kwa mazoea. Lakini haiwezi kumkinga aliyedhuru kwa makusudi.

Nililokerwa nalo zaidi ni kuona wanafunzi wa sekondari wakitia sahihi wenyewe, ingawa Katiba, katika ibara ya 41, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mzazi ndiye anayepaswa kuwapo pale.

Nitarudi, kwa kuwa huduma yenyewe ni nzuri, ila namwomba mwenye nayo aiandike upya hati hiyo kwa Kiswahili na aorodheshe ndani yake anachokihakikisha yeye: majaketi yaliyokaguliwa, boti ya uokoaji na mtu anayeangalia ziwa muda wote.